Shali ya Nkwabi

Ngozi ya ndama aliyekufa ilikuwa bado na joto tulipomfunga nayo ndama mwingine mgongoni. Mama mkwe wangu alimshika miguu, mimi nikakaza kamba za katani chini ya tumbo, na yule yatima akabaki amesimama katikati ya zizi amevaa koti la mwenzake. Ng'ombe aliyefiwa alisogea. Alinusa mkia, akanusa mgongo, akaguna ile sauti ya chini ambayo ng'ombe humtolea mwanawe tu, kisha akaanza kulamba. Ndama alijikita kwenye chuchu, na povu jeupe likamtoka pembeni mwa mdomo.

"Ona anavyompenda," alisema mama mkwe.

"Hampendi, Mama," nilimjibu. "Pua imepeleka habari kwenye ubongo, ubongo umemwaga homoni, homoni imeshusha maziwa. Basi. Hapo hakuna mapenzi, kuna kazi ya tezi."

Nilikuwa na ujauzito mkubwa wakati huo, na kiburi kikubwa kuliko ujauzito. Mimi ni afisa mifugo wa kata. Wanakijiji huniita Bwana Mifugo ingawa wananiona nimevaa gauni, nami sijawahi kuwasahihisha, kwa sababu jina hilo hunifungulia mazizi ambayo Lusia, jina langu halisi, asingefunguliwa. Nilipenda sana kueleza mambo. Nilieleza kwa nini fahali huacha kula akimnusa mtamba aliye kwenye joto la kutaka kupandwa, na kwa nini kuku mwenye kuatamia hukalia hata gunzi la mahindi kwa uaminifu ule ule. Mama mkwe, ambaye watu humwita Mama Edson na ambaye alianza kukamua ng'ombe kabla mimi sijazaliwa, alinisikiliza namna mtu anavyosikiliza mahubiri ya dhehebu la jirani, kwa adabu.

"Na ngozi ikivuliwa?" aliuliza.

"Tutaivua ikianza kuoza. Kufikia hapo harufu ya huyu mgeni itakuwa imeshamwingia kichwani. Hata akijua, hawezi tena kumkataa."

"Hata akijua," alirudia polepole, akainama kufuta mikono yake kwenye nyasi.

Nkwabi alizaliwa muda si mrefu baada ya hapo. Aliishi usiku mmoja na sehemu ya asubuhi, akaacha kupumua akiwa ndani ya shali ya sufu ya njano niliyomfumia mwenyewe. Mtoto mchanga kiasi kile hana matanga katika nyumba ya wakwe zangu. Wanawake wazee, mama mkwe akiwemo, walimzika nyuma ya nyumba, wakanikataza kulia kwa sauti nisije nikafunga kizazi. Jina la Mama Nkwabi, ambalo majirani walishaanza kuniitia tangu mimba, likawakwama kooni. Wakawa wakinisalimu wanaitazama miguu yangu.

Mume wangu Edson hakuja. Alikuwa machimboni Geita. Kwetu, ng'ambo kidogo ya Songwa, ukitoka nje ya mlango unaona vilima vya kijivu vya mchanga wa mgodi wa Mwadui. Almasi iko jirani kabisa, lakini yeye alifuata dhahabu ya mbali, maana ni mwanaume ambaye kila siku cha mbali ndicho kinachong'aa. Alinipigia simu akasema duara lao, lile shimo wanalochimba, limeingia maji na hawezi kuwaacha wenzake. Nilimwelewa. Nilikuwa mke mwelewa sana.

Maziwa hayakupata taarifa ya msiba. Yalikuja kwa wakati wake, mengi, ya moto, hayana pa kwenda. Mtoto wa jirani akilia, gauni langu linalowa. Ndama akilia zizini, linalowa pia. Nililijua jambo hilo kwa jina lake la kitabuni, na jina halikunisaidia kitu. Nesi wa zahanati alinipa vidonge vya kuyakausha. Niliviweka kwenye mkoba, nikawa nikivitazama tu, kwa kuwa nilihisi nikivinywa nitakuwa nimemzika mwanangu mara ya pili, safari hii kwa mkono wangu mwenyewe.

Shali nayo sikuifua. Niliilaza chini ya mto, na kila nilipozidiwa niliitoa nikainusa. Ilikuwa na harufu ya utosi wake. Sijui niielezeje harufu hiyo, mimi niliyekuwa najua kueleza kila kitu. Mara moja mama mkwe aliingia akanikuta nimeifunika usoni. Alisimama kidogo, akatoka.

Alasiri moja usingizi ulinipitia. Lilikuwa joto la kabla ya mvua, bati linatatarika kwa jua. Nikiwa kati ya kulala na kuamka, harufu ya shali ilinijia puani, karibu kabisa, na uzito mdogo ukanilalia kifuani, na mdomo ukaanza kutafuta. Sikufungua macho. Maziwa yalishuka kwa ule uchungu wake wa kuchomachoma, mdomo ukashika, ukavuta. Nikafurahi. Naliweka wazi jambo hili kwa sababu ndilo linaloniuma kuliko yote. Nilifurahi kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Nikasema, "Umerudi."

Kisha mwanaume akakohoa uani. Kikohozi kile cha vumbi la mawe nilikifahamu.

Nilifungua macho. Mtoto aliyekuwa kifuani kwangu alikuwa na nywele nyingi, kichwa kirefu, na uzi mweusi kwenye kifundo cha mkono ambao si mimi niliyeufunga. Alikuwa amezungushiwa shali ya Nkwabi. Mama mkwe alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, mikono ameifumbata.

"Huyu ni nani?"

"Mnyonyeshe kwanza, mkamwana."

"Mama, nakuuliza, huyu ni nani?"

"Ni wa Edson."

Nilimchomoa kwenye titi. Alilia, lakini kilio chake kilikuwa kidogo, hakina nguvu za kufika mlangoni. Mama mkwe alizungumza haraka, kama mtu anayetua mzigo. Mama wa mtoto aliitwa Salome. Alikuwa akipika chakula cha wachimbaji huko Geita. Alijifungua, damu ikakataa kusimama, wakamkimbiza hospitali kwa pikipiki, wakafika na maiti.

"Lini?"

"Wiki ile ile ya Nkwabi," akasema.

Kumbe duara halikuingia maji. Mume wangu alikuwa na msiba kweli, ila haukuwa wangu. Nilicheka. Kicheko kilinitoka kibaya, hata mimi kikanitisha.

"Umemvika ngozi," nilimwambia. "Umeiba shali ya mwanangu, ukamvika ngozi, ukaniletea."

"Ulisema mwenyewe ni pua tu."

"Mimi si ng'ombe!"

"Najua. Ng'ombe nisingemwogopa." Alikaza fundo la kanga yake. "Ningekuomba ukiwa macho, ungekataa."

"Ilikuwa haki yangu kukataa."

"Haki yako kabisa. Naye angefia humo humo ndani ya haki yako. Maziwa ya kopo yanampita kama maji. Mtazame, Bwana Mifugo. Mtazame kwa macho ya kazi."

Sikutaka, lakini mikono ilinitangulia. Utosi ulikuwa umebonyea. Nilimbana ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, namna ninavyowapima ndama wanaohara, nikaiachia. Ilibaki imesimama ilivyobanwa, ikarudi taratibu mno. Ningekuwa zizini ningemwambia mwenye ndama asisubiri kesho.

Mlango ulisukumwa, Edson akaingia. Amekonda, kope zina vumbi la safari. Alipiga magoti kwenye sakafu, jambo ambalo halijawahi kufanywa na mwanaume yeyote wa ukoo wao mbele ya mkewe, na laiti angelifanya kwa kosa dogo zaidi ningemwonea huruma.

"Nisamehe, Mama Nkwabi."

"Usiniite hivyo. Mwenye jina hilo hukumzika."

"Mama na mimi tulifikiri..." Alimtazama mama yake, naye akatazama ukutani. "Tulifikiri huyu naye aitwe Nkwabi. Hajazoea jina lolote bado. Watu wataendelea kukuita kama kawaida, na nyumba itakuwa kama haikupungukiwa."

Walikuwa wamepanga kila kitu, wale wawili. Shali, titi, jina. Kilichokuwa kimebaki kwangu ni kuguna na kulamba.

"Mama yake alimwita nani?" niliuliza.

Edson alijifuta vumbi kwenye kope.

"Alimbeba tumboni akiwapikia ninyi. Hakuwahi kumtafutia jina?"

"Donatus," alisema mwishowe, kwa sauti ya mtu anayetaja jina la marehemu. "Alisema akiwa wa kiume, ni Donatus."

"Basi ni Donatus. Nkwabi yuko nyuma ya nyumba, kama hupajui mama yako atakuonyesha. Toka nje."

Alitoka. Mama mkwe alitaka kumfuata, nikamzuia kwa mkono. Nilitaka awepo, aone. Nilimlaza mtoto kitandani, nikamfungua ile shali mkunjo kwa mkunjo mpaka akabaki uchi, mbavu zinahesabika. Hiyo ndiyo sehemu ya kazi yetu isiyo na uhakika. Unamvua ndama ngozi, unarudi nyuma, unangoja kuona kama ng'ombe atapiga teke.

Niliinama nikamnusa. Alinuka moshi wa kuni, mafuta ya nazi na choo chepesi. Alinuka mtoto wa mtu. Nilimtafutia chuki, na chuki nilikuwa nayo ya kutosha, ila kila nilipotaka kuiweka juu yake ilipita ikaenda kumwangukia baba yake uani. Nilimpandisha kifuani hivyo hivyo alivyo, bila shali. Alishika. Maziwa yakashuka. Mama mkwe alijifunika uso kwa kanga, akalia kwa sauti, yeye aliyenikataza mimi kulia.

"Usilie, Mama," nilimwambia. "Hujashinda."

Jioni alimchukua mtoto akamlaza chumba cha pili ili nipumzike. Nilibaki peke yangu. Niliivuta shali, nikajifunika usoni kama nilivyozoea. Ilinuka moshi na mafuta ya nazi. Ilinuka choo cha Donatus. Mahali fulani ndani kabisa, labda, palikuwa na utosi wa Nkwabi. Nikavuta tena, kwa nguvu zaidi, nikageuza upande wa pili, nikanusa pindo moja baada ya jingine. Sikuweza kuwatenganisha. Kitu pekee ambacho mwanangu aliniachia kilikuwa kimetumika, na hakuna hata mmoja, si Edson si mama yake, aliyejua kwamba kilikuwa kinaisha.

Ndipo nilipotoa vile vidonge vya kukausha maziwa mkobani, nikamimina maji kwenye kikombe.

Nilijua kitakachonipata nisipovinywa, nimekieleza kwenye mazizi mengi. Kila atakaponyonya, homoni ile ile inayoshusha maziwa itamwingiza huyu mtoto kichwani mwangu kidogo kidogo, harufu yake, kilio chake, namna anavyokunja ngumi. Siku moja mtu ataniuliza kama nampenda, nami nitajibu ndiyo, na sitakuwa nasema uongo. Hakuna atakayeniuliza kama nilitaka.

Huko zizini ng'ombe aliguna akimwita ndama wake, yule aliyevuliwa koti zamani. Chumba cha pili Donatus akaanza kulia, safari hii kwa nguvu kidogo kuliko mchana. Kidonge kilikuwa bado kiganjani mwangu gauni lilipoanza kulowa.