Dada Kwenye Barua Taka

"Unagusa hapa, unasema ni taka, basi. Hutamsikia tena mpaka kiama," fundi simu alimwambia kinyozi wa chumba cha pili, aliyemletea simu iliyofurika barua pepe za bahati nasibu na dawa za kuotesha nywele.

"Hao wa nywele waache, fundi. Zikiota, mimi nakula."

Fundi akacheka, kicheko kikamfia mdomoni. Mlangoni alikuwa amesimama dada yake, mkoba begani, uso umevimba kwa kukosa usingizi.

Hawa wawili walikuwa hawasemezani tangu harusi ya fundi. Dada alimnong'oneza shangazi yao kwamba bibi harusi ana maringo, na shangazi, ambaye kifuani mwake halikai neno, akalitangaza. Mama yao akasema, "Yaacheni, wanangu, hayo ni maneno tu." Ebo! Fundi akaona mama kamtetea binti yake. Akaapa kwamba mtoto wake hatakanyaga kwa mama mpaka waje wamwombe radhi. Mtu mzima huyo, ana ndevu! Mtoto akazaliwa, akaota meno, akatembea, na bibi yake hajamtia machoni hata siku moja. Na bibi mwenyewe alikuwa na presha ya macho, macho yanakwisha. Fundi alilijua hilo, ila alijipa moyo kwamba macho ya mama mabovu tangu zamani.

"Nimekuandikia mpaka vidole vimeota sugu," dada alisema, bila salamu. "Mbona hujibu?"

"Sijapata kitu."

"Simu umenifungia, sawa. Na barua pepe?"

"Nimesema sijapata! Mtandao huo. Na umefuata nini kwenye kazi za watu?"

Dada akatoa simu yake, akaandika neno moja, akatuma. Simu ya fundi ililala pale kwenye kaunta, kimya. Njia ya mwongo ni fupi, na ya huyu aliikata kinyozi.

"Fundi, si uangalie kule kwenye taka? Umenifundisha sasa hivi."

"Wewe nyamaza!"

Lakini dada alikwisha kuidaka simu. "Fungua."

Akafungua, maana hakuwa na pa kukimbilia. Dada akajiona pale, amebanwa kati ya mshindi wa bahati nasibu na dawa ya kunenepa.

"Lo! Kumbe mimi ni taka. Tumenyonya ziwa moja, na mimi ni taka."

Fundi alikuwa akisoma vichwa vya barua. *Mama anaona vivuli tu. Mama kaniuliza kama taa imewashwa.* Juu kabisa ile iliyotumwa sasa hivi: *Mshenzi.*

"Za mwanzo ziko wapi?" dada aliuliza. "Ile niliyokuambia daktari kasema mlete mtoto upesi, mama amwone angali anaona?"

"Huku zinajifuta zenyewe. Zikimaliza mwezi." Alijisikia akijibu kama anamjibu mteja, akaona aibu.

"Basi kule hospitali mama alikuwa anakaa dirishani, ananiambia, mwanangu yuko njiani, ana mtoto mdogo, hawezi kwenda mbio. Na mimi nakuandikia wewe, nakuandikia! Umelaaniwa na nani?"

Kinyozi akachukua simu yake akatoka kinyumenyume. Fundi akasimama kwa pupa, akakumba kopo la skrubu, zikamwagika sakafuni, akazikanyaga.

"Nafunga. Nampitia mtoto nyumbani, namleta leo hii. Nisamehe, dada. Sasa hivi namleta."

"Mlete." Sauti ya dada ilikuwa imeshuka, na hilo lilimtisha fundi kuliko matusi. "Ila ukifika usimwambie mama atazame. Mshike mkono, umwekee usoni kwa mtoto."