Vyumba vya Wageni Wasiofika

Kila Jumatatu Mukasine alitandua vitanda ambavyo hakuna aliyevilalia, akafua mashuka ambayo hayakuchafuka, kisha akatandika upya. Hosteli ile ya Kiyovu ilikuwa imetengwa kwa ajili ya waomba hifadhi ambao Uingereza ilisema itawaleta Kigali kwa ndege. Mwaka wa kwanza uliisha, wa pili ukaingia, ndege haikutua. Mahakama za huko zilikataa, serikali ya huko ikatafuta sheria nyingine, na huku Kiyovu vipande vya sabuni viliendelea kupangwa juu ya taulo.

Waliofika ni waandishi wa habari tu. Walipiga picha vitanda, wakafungua bomba kuona kama maji ya moto yanatoka, wakauliza kama wenyeji watawapokea wageni hao vizuri. Meneja, Eustache, alikuwa na jibu moja siku zote.

"Sisi wenyewe tulikuwa wakimbizi. Tunajua."

Mukasine hakuona uongo katika jibu hilo. Yeye alizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, kwa wazazi waliokimbia Rwanda, na mumewe Kamanzi vilevile. Walirudi wakiwa vijana, na Kiswahili walichokuja nacho ndicho walichozungumza nyumbani kwao, mtaa wa Gitega wa hapa Kigali, mpaka leo.

Asubuhi moja ya Februari alimkuta Nduwayo, mpishi, amekaa juu ya gunia la viazi huku sufuria ikifurika povu nyuma yake. Nduwayo alikuwa Mrundi. Alikimbia Bujumbura mwaka 2015, na tangu hosteli ifunguliwe alikuwa akiwapikia wafanyakazi, kwa kuwa wageni hawakuwapo.

"Kuna nini?" Mukasine aliuliza, akizima jiko.

"Mdogo wangu amefika, Mama Umuhoza. Iteka. Ana mtoto mchanga."

"Amepitaje? Si Burundi imefunga mpaka?"

"Amezunguka Tanzania, akaingilia Rusumo. Mume wake alichukuliwa na watu wenye gari, hakurudi. Sasa mwenye nyumba wangu kule Batsinda ametutoa. Anasema tangu mpaka ufungwe hataki Mrundi mpya kwenye nyumba yake, hajui nani kamtuma nani. Nimepanga kwake miaka mitano, mama. Leo hanijui."

Mukasine alipanda ngazi moja kwa moja hadi ofisini kwa Eustache. Alimwomba chumba kimoja tu, kile cha mwisho karibu na stoo, kwa muda mfupi.

"Haiwezekani," alisema Eustache. Hakuwa mtu mbaya. Alionekana kuona haya kidogo. "Vyumba vina watu wake."

"Watu wake wako wapi, bosi?"

"Watakuja."

"Huyu amekuja tayari. Ni mkimbizi, ana mtoto mgongoni. Nyumba imejengewa wakimbizi, haina mkimbizi hata mmoja. Naomba unieleze, labda mimi ndiye sielewi."

"Kuna mkataba, Mukasine. Hawa wa nchi jirani wana utaratibu wao, kuna kambi. Usinitafutie matatizo."

Alishuka akiwa amekaza meno. Jioni hiyo alimchukua Iteka na mtoto wake hadi kwake Gitega, akawapa chumba cha binti yake Umuhoza, aliyekuwa ameolewa Musanze. Nduwayo alibanana na rafiki yake mmoja kule Nyamirambo.

Kamanzi aliporudi kutoka kwenye duka lake la vipuri alimkuta msichana mwembamba akinyonyesha sebuleni. Alimsalimu kwa heshima, akapitiliza chumbani, akamwita mkewe.

"Umeniuliza?"

"Ningekuuliza ungekataa."

"Basi unanijua. Mama Umuhoza, mkuu wa mtaa ataniuliza huyu ni nani. Nitamwambia nini?"

"Mwambie ni mgeni wetu. Nimeshamwandikisha ofisini kwake, karatasi yake ya mpakani anayo."

"Watu hawasomi karatasi. Watu wanasikiliza redio inavyowasema Warundi."

"Kamanzi, wewe ulizaliwa wapi?"

Alijua swali hilo lingekuja. "Usinianze. Nilizaliwa kwa watu, nikaitwa mkimbizi mpaka na mwalimu, tukavumilia. Hakuna aliyetupa chumba cha binti yake. Tulilala nje ya kanisa hadi baba alipopata kibarua."

"Na ndiyo maana unataka na huyu alale nje ya kanisa?"

Kamanzi alitoka kwenda kunawa. Lakini hakumfukuza Iteka. Alikula naye meza moja wiki tatu, akimsogezea chumvi bila kumtazama. Iteka aliamka kabla ya wote, akafagia, akafua, akaosha hata mlango. Mtoto akilia alimbeba mbio hadi uani, kama vile sauti ile ni kosa. Mukasine alimwambia aache, akae tu kama mtu aliye nyumbani. "Ndiyo, mama," Iteka alijibu, na kesho yake akafagia tena.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi watu wa mtaa walitoka kufanya umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwezi, wakizibua mitaro kabla ya mvua. Baada ya kazi walikaa kwa mkutano kama kawaida, na jirani yao Kabera, mtu wa maneno mengi, akapaza sauti mbele ya wote.

"Kamanzi, kwako iko kambi siku hizi? Tuambie basi, na sisi tulete mahema!"

Watu walicheka. Wala hakikuwa kicheko kikali. Wengine walicheka kwa sababu jua lilikuwa limewachosha. Lakini Kamanzi alirudi nyumbani uso umemshuka, akatupa jembe uani.

"Mimi nimekuwa kichekesho! Lini ataondoka?"

"Kabera ndiye wa kukucheka wewe? Kabera aliyezaliwa kambini Uganda?"

"Nakuuliza lini!"

"Na mimi nakujibu sijui! Watu wa kuletwa kutoka Ulaya wanasubiriwa kwa mashuka meupe, huyu wa hapa jirani anahesabiwa kijiko cha wali! Mnanichosha. Wewe na Eustache na Kabera, nyote mnanichosha!"

Walipotulia, walimwona Iteka amesimama mlangoni, mtoto ameshafungwa mgongoni. Alikuwa amesikia yote. Aliwashukuru wote wawili, Kamanzi kwanza, akasema yeye na kaka yake walikuwa wamekwisha kuamua kwenda kambini Mahama. Mukasine alijua hawakuwa wameamua lolote. Alimsihi, akamshika mkono, kisha akamkasirikia hata yeye.

"Unawapa ushindi, mwanangu. Unaondoka ili wao wapumzike."

"Mama, nimechoka kuwa neno la watu," alisema Iteka.

Nduwayo aliacha kazi, akaenda naye. Jikoni hakuletwa mpishi mwingine.

Julai, Uingereza ilipata serikali mpya, nayo ikatangaza kwamba mpango umekufa. Eustache aliwakusanya wafanyakazi ukumbini, akawasomea taarifa ya mwenye jengo: vyumba vitakodishwa kwa wageni wa harusi na mikutano. Mukasine alicheka kwa sauti, peke yake, hadi mwenzake akamgusa bega.

Nyumbani alimsimulia Kamanzi. Kamanzi alisikiliza, mikono yake yenye madoa ya grisi ikiwa juu ya meza.

"Mama Umuhoza," alisema mwishowe. "Mpigie yule binti. Mwambie chumba kipo. Kabera nitazungumza naye mimi."

Mukasine alimtazama, hakuamini. Alipiga simu akiwa amesimama. Iteka alifurahi kumsikia. Mtoto alikuwa ameota meno mawili, na Nduwayo alikuwa ameanza kuuza chapati. Mukasine alimwambia arudi.

"Hapana, mama. Huku kuna vumbi, na chakula hakitoshi. Lakini huku sote ni wakimbizi. Hakuna anayeniuliza nitaondoka lini."

"Baba Umuhoza mwenyewe ndiye anayekuita."

"Mwambie Mungu ambariki. Alichelewa kidogo tu."

Simu ilikatika, au aliikata. Kamanzi alikuwa amesimama pia, akimsubiri mkewe aseme kitu.

"Anakuja?" aliuliza.

Mukasine aliweka simu mezani, akaingia jikoni kuosha vyombo.