Mwanamke wa Kitabu cha Nne

Kicheko ndicho kilichomfikia kwanza. Elia alikuwa bado nyuma ya ukuta wa mabati, vitabu kwapani, hajaona uso wa mtu, aliposikia banda zima limeangua kicheko. Spika ikakohoa, na sauti ya Tajudin ikapanda juu ya paa.

"Vimefutwa! Nawaambia vimefutwa! Wenye muvi yao wametangaza wenyewe. Vile vitabu vya Mwalimu Elia kuanzia leo kazi yake ni kufungia karanga!"

Kicheko kikarudi, mara hii kirefu zaidi. Elia alivibana vitabu kwapani kama mtu aliyehisi mkono wa mwizi, akainama, akaingia.

Hilo lilikuwa banda umiza la Tajudin, karibu na uwanja wa mnada, mjini Bariadi. Ndani kulikuwa na mabenchi, giza, joto, na runinga moja kubwa. Tajudin, mtoto wa mwenye duka la vitenge, alikaa pembeni na kipaza sauti akitafsiri muvi za nje kwa mdomo wake, na pale asipoelewa alitunga. Muvi iliyompa mkate kuliko zote ilikuwa ya vita vya angani, ya meli zinazoruka kati ya nyota na wafalme wanaonyang'anyana sayari. Jina lake la Kiingereza lilikuwa refu. Bariadi waliiita Jua Kumi, wakatosheka.

Elia ndiye pekee aliyekuwa na vitabu vyake. Vilikuwa sita, vimeandikwa baada ya muvi ya kwanza, vikifuata maisha ya wale ambao kamera iliwapitia haraka. Kila Jumamosi, kabla Tajudin hajawasha mashine, Elia alisimama mbele akasimulia kipande. Alikuwa amehitimu ualimu na ajira ilikuwa haijatoka. Lile benchi la mbele ndilo lilikuwa darasa lake, na heshima yake yote ilikaa pale.

"Tajudin," alisema, "umesemaje?"

"Aa, Mwalimu, mwadila! Karibu. Msogezeeni mfiwa akae." Tajudin alimwonyesha simu. "Soma mwenyewe, wewe si ndiye msomi? Muvi mpya inatoka. Wamesema kilichomo kwenye muvi tu ndicho kilichotokea. Vitabu ni porojo za pembeni. Kwa hiyo yule fundi wako, yule Ilivani, kafa. Kafa mlangoni, muvi ya kwanza. Hajaenda popote."

Elia alisoma. Ilikuwa kweli. Maneno machache tu, ya watu wasioijua hata Shinyanga iko wapi, na vitabu sita vilikuwa vimegeuzwa majivu bila moto.

"Mimi nimesoma alikokwenda," alisema.

"Umesoma uongo."

"Uongo ni wako! Wewe unayewatia watu maneno mdomoni kwa kuwa hujui wanasema nini!"

Banda likapiga mluzi. Damu ilikuwa imempanda Elia kichwani, na damu ikishapanda hapo haiteremki kwa kuombwa. Akatoa maneno ambayo katika nchi ya Wasukuma hayarudishwi: "Basi twende uwanjani. Jumapili ijayo. Wewe na spika zako, mimi na mdomo wangu."

Kila mtu alielewa. Tangu enzi za mababu, Wagalu na Wagika, vyama viwili vya ngoma, wakishavuna hushindana hivyo: vikundi viwili, uwanja mmoja, wakati mmoja. Hakuna jaji. Huyu anacheza huku, yule kule, na watu huenda kwa miguu yao pale panapowavuta. Mwenye watu ndiye aliyeshinda. Mwenye nyasi tupu mbele yake hufunga ngoma yake akaenda nyumbani, na nyimbo za kumcheka humfuata mwaka mzima.

"Kisukuma?" Tajudin aliuliza.

"Kisukuma."

"Mimi nimezaliwa hapahapa, nkoi, rafiki yangu. Usidhani utanikimbiza kwa lugha."

Usiku huo Elia alimpigia simu dada yake, Nyanjige, kijijini Sola, upande wa Maswa. "Njoo Jumapili, dada. Njoo uone Ilivani akisimama uwanjani mbele ya watu." Nyanjige akasema, kwa sauti ya mtu anayeogopa kufurahi, "Nitavaa nini?"

Maana vile vitabu, kama haki ingetendeka, vilikuwa vya Nyanjige. Aliishia darasa la saba ili Elia aendelee. Pamba yake ndiyo iliyomvusha Elia sekondari, ikamfikisha chuo, na kila likizo Elia alirudi na kitabu kimoja alichokiokota kwa wauza vitabu vya mitumba wa Mwanza. Kwa kuwa hakuwa na kingine cha kumletea, alimletea hicho. Nyanjige alichuma pamba, Elia akatembea kando yake mstari kwa mstari, akisoma Kiingereza kimoyomoyo na kukitoa mdomoni kikiwa Kisukuma. "Rudia pale," dada yake alikuwa akisema. Au: "Mwongo wewe, jana ulisema mlango ulikuwa wa kushoto."

Alichokipenda kuliko vyote ni cha nne. Jalada lake lilitafunwa na ndama, kwa hiyo kilianza ghafla, bila jina. Ilivani, fundi wa injini, ambaye kwenye muvi alimfungulia shujaa mlango, akapigwa risasi ya moto, akaanguka, na shujaa akamruka. Muvi haikugeuka nyuma kumtazama. Kitabu kiligeuka. Kilimkuta anatambaa. Kikamfuata hadi alipoiwasha tena meli yao, Mbeba Chumvi, wenzake wote wamekwisha kuondoka na kumhesabu maiti, akaiendesha peke yake katikati ya nyota zisizo na mtu. Hakuwa na wa kuongea naye, akawa anaongea na injini. Aliiambia alichokula. Aliiambia alichoota.

Siku Elia alipomaliza sura hiyo, Nyanjige aliacha kuchuma. Alisimama na pamba mkononi, akasema polepole, bila kumtazama, kwamba na yeye huongea na Masala, yule dume la plau. Jioni humwamkia. Humweleza alichopika, na nani kapita njiani bila kusalimia. Alipoposwa, mama yao alikuwa kitandani, naye ndiye aliyekuwa akimwuguza. Mama alipokufa, waposaji walikuwa wameshaoa kwingine. "Usimwambie mtu," alisema. "Watasema nimerukwa." Elia akaapa. Kuapa ni rahisi shambani, hakuna watu.

Jumapili ilifika kavu, yenye vumbi jeupe. Watu walikuwa na fedha za pamba mifukoni na hawakuwa na kazi, wakajaa uwanja wa mnada hadi kwenye zizi. Tajudin alifunga spika zake upande wa barabara, jenereta ikinguruma. Elia alisimama upande wa mti wa mkwaju, juu ya kreti la soda, kitabu cha nne mkononi. Nyanjige alikuwa mbele kabisa. Alivaa kitenge cha kanisani na viatu vilivyokuwa vinambana. Ungedhani amekuja harusini.

Elia alianza vizuri. Alianza kwa mlango, kwa moshi, kwa mwanamke anayetambaa. Sauti yake ilikuwa nzuri na aliijua. Duara la watu likamzunguka, Nyanjige akiitikia kwa kichwa kila neno, midomo yake ikitangulia ya Elia, maana maneno aliyajua.

Lakini Tajudin alikuwa na spika. Alilipua meli kwa mdomo wake. Alimfanya mfalme wa sayari azungumze kama karani wa mizani anayepunja wakulima, na shujaa akamkamata karani huyo shingoni. Uwanja ukapiga kelele. Elia aliona kingo za duara lake zinalegea. Mtu mmoja, kisha watatu, kisha familia nzima na mtoto mgongoni. Alipofika pale Ilivani anapokaa peke yake na injini, pahala pazuri kuliko pote, aliyekuwa akimtazama kwa macho ya kiu alikuwa dada yake tu. Wengine walikuwa wamegeuza shingo.

"Anaongea na injini?" kijana mmoja, Fredrick muuza vocha, akauliza kwa sauti. "Huyo si fundi, huyo chizi!"

Waliobaki wakacheka. Na Elia akaona jambo ambalo afadhali asingeliona: kicheko kile kilirudisha watu wawili.

Akafunga kitabu.

"Chizi?" alisema. "Bebe, wewe, hujasikia bado!" Akaishusha sauti, akaipinda, akaongea kwa pua. "Mwadila, injini yangu. Umeshindaje, mume wangu? Leo nimepika mlenda. Yule jirani kapita hakusalimia, umemwona?"

Uwanja ukalipuka. Wakaanza kurudi. Elia alishuka kwenye kreti, akatembea mbele yao kwa hatua za mwanamke aliyezoea plau, bega moja chini, mkono kiunoni. Hakutafuta hatua zile. Zilimjia zenyewe, alikuwa amezifuata mistari yote ya pamba ya utoto wake. Akaamkia injini. Akaipapasa shingo kama dume la ng'ombe. Akailaumu kwa nini haimpeleki kwa wazazi wake kujitambulisha. Wanawake walishikana mabega kwa kucheka. Watu wakakimbia kutoka kwa Tajudin, vumbi likawafuata, na Elia alikuwa amelewa, ndiyo, amelewa watu, akataka wote, hadi wa mwisho.

"Na mwisho wake?" Fredrick alipiga ukelele.

"Mwisho wake ni ule mliouona! Alifungua mlango, akapigwa, akaanguka pu! Shujaa akamruka. Wanaume wana safari zao!"

Kelele ilifika hadi sokoni. Upande wa Tajudin ulibaki nyasi na chupa tupu. Elia aliinua mikono, na ndipo alipomtafuta dada yake mbele, pale alipokuwa, akakuta pengo.

Nyanjige alikuwa anatembea. Alikuwa amevua viatu, amevishika mkononi, anakata uwanja peke yake, bega moja chini. Watu walioona wakaanza kucheka tena, wakidhani ni sehemu ya mchezo, kisha wakaacha. Alikwenda moja kwa moja hadi upande usio na mtu, akasimama mbele ya spika za Tajudin kama mtu aliyefika alikokuwa anakwenda.

Tajudin alizima jenereta. Katika ukimya ule kila mtu alisikia.

"Dada, umekuja kunizika?" alimwuliza, si kwa dhihaka.

"Endelea," Nyanjige alisema. "Wewe unamzulia uongo mtu usiyemjua. Nitakusikiliza."

Tajudin hakuendelea. Akaanza kukunja nyaya. Watu wakamnyanyua Elia mabegani, wakamzungusha uwanja, wakaimba jina lake, naye kutoka kule juu aliona kitenge cha kanisani kinapanda kwenye pikapu la Maswa.

Kesho yake asubuhi alipanda bodaboda hadi Sola, vitabu vyote sita kwenye mfuko. Alimkuta Nyanjige uani, ameketi kwenye jamvi, anatenganisha pamba: safi huku, fifi, ile chafu, kule. Masala alikuwa amefungwa karibu, anatafuna mabua.

"Mwangaluka, dada."

"Mwangaluka." Hakuinua uso. "Nasikia umeshinda."

"Ni mchezo tu, dada. Ndivyo uwanja ulivyo. Unajua mwenyewe, Wagika wakiona watu wanaondoka huleta hata fisi."

"Huleta fisi. Hawamleti dada yao."

Elia akachuchumaa. Alikuwa amepanga maneno njia nzima, mengi, mazuri, na sasa yote yalinuka. "Hakuna aliyejua kuwa ni wewe."

"Mimi nilijua." Akatupa pamba kwenye fifi. "Na tena ukamuua. Wale wazungu walimfuta kwenye simu, sawa, hawanijui, hawakula pamba yangu. Wewe ulikuwa na kitabu mkononi, Elia. Umekifunga."

"Nimekuletea vyote. Vichukue. Nitakusomea tena, kuanzia cha kwanza, nakuahidi mbele ya…"

"Usiniahidi!" Ng'ombe aliacha kutafuna. "Ahadi zako nimekwisha kuzijua zinavyokaa. Zinakaa vizuri pasipo na watu."

Alijifuta mikono kwenye sketi, akaufungua mfuko, akapekua hadi kwenye kile kisicho na jalada. Akakitoa. Kile kimoja tu. Mfuko akamsukumia mdogo wake kwa mguu.

"Hivyo nenda navyo."

"Hicho huwezi kukisoma, dada," Elia alisema, na mara tu maneno yalipomtoka akatamani kuyameza.

Nyanjige akamtazama kwa mara ya kwanza tangu afike. Hakuwa amelia. Ingekuwa nafuu kama angekuwa amelia.

"Umenisomea mara ngapi? Mlango ulikuwa kushoto. Moshi ulikuwa na harufu ya chumvi iliyoungua. Alitambaa kwa kiwiko kwa sababu mkono wa kulia ulikuwa umekwisha. Jana, kabla hujamfanya kichekesho, mlango uliuweka kulia. Nilikaa kimya." Akakiweka kitabu mapajani, akachukua pamba nyingine. "Sasa nisikilize mimi, maana mimi nikiahidi natimiza. Mwakani watu wakishavuna, utasimama tena pale kwenye mkwaju wako. Utasimama, nakujua, umeshaonja. Na mimi nitasimama upande wa pili, bila spika, bila kreti, na kitenge hikihiki. Nitamsimulia Ilivani kama alivyokuwa. Nakuahidi, Elia, mwana wa mama yangu: nitakuondolea watu mmoja baada ya mwingine, hadi ubaki na nyasi."