Bima ya Nusu Nyumba

Wateja walimwita Mama Mkasi kwa sababu mkasi wake ulikuwa shingoni kila saa, umening'inia kwa utepe, hata akienda dukani kununua chumvi. Alikuwa fundi cherehani, mkali wa magauni ya harusi, na kazi yake aliifanyia nyumbani, katika chumba cha pembeni ambacho mumewe, dereva wa malori ya safari ndefu, alikijenga walipokuwa wachanga katika ndoa. Humo mlikuwa na vyerehani vitatu, meza ya kukatia, pasi nzito, na bomba la chuma lililopita ukuta hadi ukuta, limejaa nguo za watu.

Siku chumba kile kilipoungua, Mama Mkasi alikuwa ametoka kwenda kununua zipu. Umeme ulikuwa umekatika katikati ya kazi, na pasi aliiacha pale pale mezani, juu ya kitambaa, waya ukiwa bado kwenye plagi. Hakukumbuka kuuchomoa. Umeme ulirudi akiwa dukani anabishania rangi ya uzi. Alipokata kona ya mtaa wao aliona moshi, akasema moyoni, "Maskini, nyumba ya nani hiyo?" Akapiga hatua chache tena, ndipo alipolitambua bati lake.

Majirani walijitahidi. Ndoo zilipita mkono kwa mkono, lakini gari la zimamoto lilipofika moto ulikuwa umeshakila chumba cha kushonea chote, ukailamba dari ya korido na kuingia chumba cha binti yake aliyekuwa shule ya bweni. Sehemu nyingine ilipona, ingawa ilinuka moshi mpaka kwenye mashuka. Mama Mkasi alisimama katikati ya maji na majivu, akasema kwa sauti ya mtu anayejibembeleza mwenyewe:

"Tuna bima. Jamani, si tuna bima?"

Walikuwa nayo. Mdogo wa mumewe alikuwa wakala wa bima, na alipoanza kazi hiyo, kijana wa watu anahaha kutafuta wateja, alianzia kwa kaka yake. Alikuja akala chakula cha mchana, akafungua mkoba, akaeleza harakaharaka. Mume aliuliza swali moja tu: ada ya mwaka ni kiasi gani? Alipotajiwa akaguna, shemeji akacheka, akasema, "Usijali kaka, tutaiandika nyumba thamani ndogo, ada ishuke." Wakafurahi. Mama Mkasi mwenyewe alitia sahihi huku ameshikilia pini kwa midomo, kwa sababu mteja alikuwa anamsubiri chumba cha pili.

Asubuhi iliyofuata shemeji alifika mapema, macho mekundu. Hakukaa. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye kile kilichokuwa mlango wa chumba cha kushonea, akaangalia vile vyerehani vitatu vilivyobaki vyuma vitupu.

"Shemeji, hivi vitoke hapa," alisema. "Mkadiriaji hasara anakuja leo."

"Vitoke viende wapi? Si ndivyo ninavyotaka avione?"

Shemeji alishusha sauti. "Sikiliza. Tulikata bima ya nyumba ya kuishi. Nyumba tu, yaani kuta, paa, sakafu, milango. Vitu vya ndani vina bima yake, hatukuichukua. Na nyumba ikifanyiwa biashara, kampuni inatakiwa ijulishwe."

"Lakini wewe ulijua nashona humu. Suruali uliyovaa siku ile ya kutia sahihi nilikupunguzia mimi, kwenye cherehani hicho hapo."

"Nilijua, shemeji. Ndiyo maana nasema vitoke." Alijifuta uso kwa kiganja. "Wakigundua nilijua nikanyamaza, kazi sina. Na wewe hupati kitu. Tukisema kilikuwa chumba cha wageni, sote tumepona. Mama naye nimeshaongea naye."

Mama mkwe! Mama Mkasi akachukua simu. Alimpigia mumewe, ambaye alikuwa njiani na mzigo, mbali na nyumbani. Simu ilikuwa inakatikakatika. Alichosikia vizuri ni maneno haya: "Msikilize dogo. Yeye ndiye anayeijua hiyo kazi."

Basi wakavibeba. Kila cherehani walikishika huku na huku, shemeji kwa kichwa na yeye kwa miguu, kama watu wanaotoa maiti ndani, wakavipeleka nyuma ya nyumba na kuvifunika kwa turubai. Bomba la nguo lilikuwa limepinda kwa moto. Shemeji akalisukumia chini ya mabati yaliyoanguka. Mikono ya Mama Mkasi ilikuwa nyeusi hadi viwikoni, na alipoinawa maji hayakutaka kutakata.

Mkadiriaji alikuwa mwanamume mpole wa makamo, amevaa viatu vya mpira. Alitoa pole kwanza, tena ya kweli, kisha akaanza kupima na kupiga picha. Alitembea chumba hadi chumba, anagonga kuta kwa kifundo cha kidole, anatazama juu. Mwisho akasimama katikati ya chumba kilichoungua.

"Hapa palikuwa na nini, mama?"

"Chumba cha wageni," alijibu shemeji.

"Nimemuuliza mama."

Mama Mkasi akafungua mdomo. "Cha wageni," alisema, na sauti haikuwa yake.

"Na moto ulianzia kwenye pasi?"

"Pasi, ndiyo."

"Wageni wenu wanapiga pasi sana," alisema mkadiriaji akiangalia soketi tatu zilizojipanga ukutani. Hakusema kwa kejeli. Alikuwa anaandika tu.

Ndipo mtu alipobisha hodi. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi ya pale karibu, mjane, mwenye binti mmoja aliyekuwa anaolewa Jumamosi ya wiki ile ile. Alikuwa amesikia habari za moto, akaja mbio na chaki bado vidoleni. Hakuona watu wala viatu vya mpira, alimwona Mama Mkasi peke yake.

"Pole, mama, pole sana. Wewe mwenyewe umepona?" Akamshika mikono yote miwili. Kisha, kwa woga, kama anayejua jibu: "Na gauni la mwanangu?"

Shemeji aliruka katikati. "Huyu ni jirani," alimwambia mkadiriaji. "Mama, njoo baadaye, sasa hivi tuna kazi."

Lakini mwalimu hakuondoka. Alikuwa anamtazama Mama Mkasi, anasubiri. Gauni lile alikuwa ameliona likianza kama kitambaa juu ya meza. Binti yake alikuwa amelijaribu mara kadhaa, siku ya mwisho akazunguka nalo mbele ya kioo, na mama yake akageukia dirishani ili asionekane anafuta machozi. Mama Mkasi alikuwepo, amepiga magoti chini, anashika pindo. Sasa ilimbidi amwambie mwanamke huyu, mbele ya macho yake, kwamba hajui gauni gani analolizungumzia.

Alijaribu. Kweli alijaribu.

"Limeungua, mwalimu," alisema. "Nililimaliza juzi. Lilikuwa linasubiri zipu tu." Kisha akamgeukia mkadiriaji kabla moyo haujamgeuka. "Huyu si jirani. Ni mteja wangu. Hiki ni chumba changu cha kazi, na vyerehani viko nyuma chini ya turubai. Pasi niliisahau mimi, umeme ulipokatika."

Mwalimu aliangalia huyu na yule, hakuelewa ameingilia nini. Shemeji alikuwa amekwenda nje. Walisikia pikipiki yake ikiwaka, ikaondoka kwa hasira hadi mwisho wa mtaa.

Mkadiriaji alikunja utepe wake wa kupimia. "Mama, ungeniacha niondoke na chumba cha wageni, ningerudi," alisema. "Vyuma vya cherehani huacha alama sakafuni. Nilishaziona. Na nikirudi mara ya pili, mambo huwa ni mengine kabisa, yanafika polisi."

"Kwa hiyo nitalipwa?"

Akavuta kiti kilichopona, akakaa, akamweleza bila kuficha. Kusahau pasi ni ajali, na ajali ndiyo kazi ya bima. Lakini chumba cha biashara kisichojulikana na kampuni hakimo, hivyo hakuna atakacholipwa kwa chumba chenyewe wala vyerehani wala nguo za watu. Korido na chumba cha binti, kampuni ikikubali, vitalipwa. Ila si vyote.

"Mliiandika nyumba hii nusu ya gharama ya kuijenga leo," alisema. "Kwa hiyo mlilipia bima ya nusu nyumba. Ikiungua sehemu yoyote, hata dirisha moja, kampuni inalipa nusu ya dirisha. Nusu nyingine mnaibeba wenyewe."

"Mimi nilidhani kwa kuwa moto haukumaliza nyumba yote, ile nusu ingetosha."

"Wengi wanadhani hivyo," alisema mkadiriaji, akasimama.

Yaliyofuata hayakuwa mepesi. Shemeji aliitwa ofisini, akanyang'anywa kitambulisho cha uwakala. Mama mkwe alipiga simu, hakusalimia wala hakutoa pole ya moto. "Umemmaliza mwanangu," alisema. "Kwa gauni la mtu baki." Akakata. Mume alirudi kutoka safari, akatembea chumba hadi chumba na mikono mfukoni, kisha akakaa kwenye ngazi ya nyuma karibu na turubai. Siku nzima hakusema zaidi ya "mh" na "sawa". Mama Mkasi angeona afadhali afoke.

Gauni alilishona upya. Mwalimu alileta kitambaa kingine, cha bei ya chini, na fundi mwenzake wa mtaa wa pili, ambaye kwa kawaida alikuwa anapigana naye vijembe, alimwachia cherehani chake na kona ya duka. Lilikuwa gauni jepesi kuliko la kwanza, halina nakshi kifuani. Hakwenda harusini. Hakuwa na uso wa kusherehekea.

Fidia ilipotoka ilitosha nusu ya gharama ya korido na chumba cha binti, kama alivyoambiwa. Chumba cha kushonea kilibaki wazi, mvua inaingia. Na mkataba wa bima ulikuwa unakaribia kwisha.

"Tuuache ufe," mume alisema. "Ulitusaidia nini?"

"Haukutusaidia kwa sababu hatukuuliza." Alikaa mbele yake. "Mume wangu, mimi sitaki tena kulala katika nyumba ambayo sijui iko ndani ya bima au nje. Twende wote. Nitauliza mimi."

Walikwenda ofisi za bima. Mwanamke wa dirishani aliwapa viti, na Mama Mkasi akauliza kila kitu, bila haya, hata yale yaliyomfanya mumewe akohoe. Tukiandika gharama yote ya kuijenga upya, ada inapanda kiasi gani? Nani anajua gharama hiyo? Vitu vya ndani, ni lazima vyote? Vyerehani vinahesabiwa kama vitu vya ndani? Hapana, aliambiwa, vile ni vifaa vya kazi, na nguo za wateja zina kifungu chao. Mafuriko yamo? Yamo kwa nyongeza. Je, tukikubali kubeba wenyewe hasara ndogondogo, ada inashuka? Inashuka.

Nyumbani walimwita fundi mwashi awakadirie ujenzi, halafu wakabishana mpaka chai ikapoa. Mume alitaka televisheni na makochi yaingie. Mama Mkasi alikataa.

"Kochi likiungua nitakaa chini," alisema. "Paa likiungua nitakaa wapi? Cherehani kikiungua tutakula nini?"

Mwisho walikubaliana: nyumba kwa gharama yake kamili, chumba cha kazi, kikishaezekwa, kitajwe kwa jina lake, vifaa vya kazi na nguo za wateja ndani, makochi na televisheni nje. Mafuriko waliyaacha, kwa kuwa nyumba iko mlimani. Hasara ndogo watabeba wenyewe. Mkataba mpya walipouleta nyumbani, ada ilikuwa kubwa kuliko ya zamani, mume akaitazama kwa muda mrefu kama mtu anayetazama mlima akiwa na lori lililojaa. Kisha akatia sahihi, akamsogezea mkewe kalamu.

"Soma kwanza," alimwambia.

Akasoma, mstari kwa mstari, kidole kikitembea. Alipomaliza, mume aliuliza bila kumtazama, "Na ndugu wakigombana, bima inafidia?"

Ilikuwa mara ya kwanza kufanya mzaha tangu moto. Mama Mkasi alitaka kucheka, lakini machozi yalitangulia. Alitia sahihi, akaenda dirishani na simu yake. Iliita kwa muda mrefu upande wa pili, na alikuwa karibu kukata tamaa iliposhikwa.

"Shemeji," alisema.

Kulikuwa na kelele za barabarani, na mtu anayepumua.

"Jumapili mchana tutakuwepo wote. Kaka yako anakusubiri ule hapa. Na mimi pia."

"Mama anajua umenipigia?"

"Hajui."

Alimsikia akihema. "Nimepata kazi ya kupeleka mizigo kwa pikipiki," alisema hatimaye. "Jumapili ndiyo kuna kazi nyingi."

"Basi njoo jioni."

"Nitaangalia," alisema, na simu ikakatika. Mumewe alikuwa ameinua kichwa, anamtazama.

"Amesemaje?"

"Amesema ataangalia," alijibu Mama Mkasi, akaanza kukusanya vikombe mezani.