Kuku wa Madhabahuni

Haya nimeyasikia kwa Veronika mwenyewe, mke wa Kornel, Alhamisi iliyopita, jikoni kwangu, alipokuja kunisaidia kumenya ndizi za ubatizo wa kitukuu. Sikumwuliza kitu. Alianza kucheka peke yake, kisu mkononi. Nikasema, "Mama Godlove, una nini?" Akasema, "Bibi, nimemkumbuka Elisifa na kuku wake." Basi akasimulia mpaka karai likajaa. Mengine niliyaona kwa macho yangu, maana tunasali usharika mmoja, na kati ya kihamba chao, shamba lao la migomba, na changu kuna mfereji tu.

Elisifa alikuwa mke wa Jackson, kitindamimba wa Mzee Eliufoo. Kwetu huku mlimani nyumba ya wazazi, na migomba yote inayoizunguka, huenda kwa mtoto wa mwisho. Kwa hiyo mzee alipofiwa na mkewe alihamia kwa Kornel, mwanawe mkubwa, nyumba ya zamani akaachiwa Jackson. Jackson alikuwa mpagazi, anawabebea wageni mizigo mlimani. Pikipiki ikamwua njia panda ya Himo. Mtoto hawakuwa wamepata.

Tanga lilipokwisha, ndugu wakaanza kusema nyumba haiwezi kubaki kwa mwanamke asiye na mtoto. Mzee Eliufoo akawanyamazisha. Huyu mzee alikuwa mzee wa kanisa kwa miaka thelathini, na akisema neno halirudi nyuma. Akasema, "Mwacheni. Krismasi ijayo mkija wote, nitakwenda kuona. Nikikuta boma linamlisha, hajaomba hata chumvi kwa mtu, atakaa humo mpaka afe. Nikikuta anaomba, atarudi kwao Sanya Juu."

Elisifa hakuwa na ng'ombe. Alikuwa na mitetea mitatu na jogoo. Akaanzia hapo.

Nilimwona akihangaika. Mitetea yake aliilalisha kwenye mayai siku moja, yote mitatu, ili vifaranga vitotolewe pamoja. Vikishatotolewa anampa mama mmoja avilee vyote, wale wawili wanarudi kutaga. Alivitegea mchwa kwa chungu chenye kinyesi cha ng'ombe na magunzi, akavifunika kwa tenga mwewe asivinyakue. Mtu akipika pombe ya mbege, Elisifa alikuwa mlangoni kuchukua machicha, na hakuyachukua bure, alifagia uwanja wa mwenye pombe. Kufika Novemba nilihesabu kuku sabini na wawili, nikachoka, maana hawatulii. Mayai yake yalikuwa yanakwenda Himo kila Ijumaa. Chumvi alinunua mwenyewe. Hata mimi aliwahi kunikopesha sukari.

Veronika naye alikuwa na shida yake. Mwanawe Godlove alikuwa amemchumbia msichana mmoja, Kindness, na wakwe walitaka kuona nyumba kabla ya harusi, naye hakuwa nayo.

"Bibi," akaniambia, "yale majogoo yakiwika alfajiri nilikuwa nasema moyoni, mnawika kwenye nyumba ya mwanangu."

Mwanzoni mwa Desemba alikwenda kumsalimu kaka yake Himo. Akakuta kuku wa pale wanakufa kwa mdondo. Wanane walikuwa wamekufa usiku mmoja. Akabaki mtetea mmoja mweupe, bado anadonoa, lakini macho yameanza kulegea. Veronika akamwomba.

Wifi yake wa Himo akasema, "Wa nini huyo? Kesho keshokutwa ni maiti."

"Nampeleka kanisani," Veronika akajibu.

"Akatubu?"

Wakacheka wote wawili, akamtia kwenye kikapu.

Sasa mjue hivi. Chanjo ya mdondo huku tunachanga wanawake kwa pamoja, maana chupa moja ni ya kuku wengi. Bwana mifugo huileta kwenye chupa ya chai yenye barafu, anawadondoshea kuku jichoni, tone moja moja, na baada ya miezi mitatu nguvu ya dawa inaisha, anarudi. Mara ya mwisho alikuja Agosti, safari hii alikuwa amechelewa. Zaidi ya nusu ya kuku wa Elisifa walikuwa hawajazaliwa. Siku ya kurudi ilishatangazwa: Jumamosi baada ya Jumapili ya pili ya Majilio. Veronika aliijua kama sisi wote. Yeye hafugi kuku, anafuga ng'ombe, lakini masikio anayo.

Jumapili yenyewe alimpeleka yule mtetea mbele, madhabahuni, pamoja na sadaka nyingine za vitu. Ibada ikaisha, tukatoka nje kwenye mnada kama kawaida yetu. Mnadishaji alikuwa Shedrack, mwalimu wa kwaya, mtu wa maneno. Akauza mikungu ya ndizi, akauza maparachichi, akauza maziwa. Kisha akamwinua kuku.

"Ndugu zangu, tazameni! Mweupe kama malaika, na mpole, hapigi hata kelele! Nani anaanza? Mangi Kornel, mfuko umeushona kwa uzi gani leo?"

Watu wakacheka. Veronika akanyoosha mkono, akataja bei. Akanyoosha tena, akapandisha.

"Mama Godlove, unashindana na nani? Mbona uko peke yako?"

"Nashindana na shetani," akasema. "Ni sadaka, Shedrack, niache."

Alikuwa amemleta mwenyewe na sasa anamnunua mwenyewe, na hakuna aliyeshangaa. Kwetu wengi hununua walichotoa. Tena ni kawaida mtu kununua na kumpa mwenzake, mchungaji au mgonjwa au mjane. Veronika akampokea kuku, akasema kwa sauti, "Mimi simchukui. Namnunulia mdogo wangu Elisifa, mjane wetu. Mungu aliongeze kundi lake." Wanawake wakapiga vigelegele. Na mimi nilipiga.

Elisifa akasogea. Kanuni aliijua, bwana mifugo alishamwambia kwamba kuku mgeni hukaa peke yake wiki mbili. Akampokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akasema taratibu, "Asante sana, dada. Nitamfunga kwanza kule jikoni, azoee."

"Jikoni?" Veronika akageukia watu. "Jamani, sikieni! Mdogo wangu anataka kuifunga baraka kwa kamba!"

Kicheko kikapasuka. Mama mmoja akasema, "Elisifa, kimetoka kwa Bwana, unakiogopa?" Mwingine, "Labda kuku wake ni wa kizungu, hawachangamani na Walutheri!" Elisifa naye akacheka, maana angefanyaje? Tukamsindikiza kwa nyimbo mpaka bomani kwake, wanawake kama ishirini. Veronika alimchukua yule kuku mkononi mwa Elisifa, akafungua banda yeye mwenyewe, akamtia katikati ya wengine, akafunga.

Jumatano yule mweupe akafa. Alhamisi asubuhi vifaranga kumi na mmoja walikuwa wamelala chali. Kinyesi kilikuwa kijani. Wakubwa wakaanza kukohoa, kuburuta mabawa, wengine shingo zimejipinda wanaangalia mgongoni kwao wenyewe, wanazunguka, wanaanguka. Elisifa akahamishia vifaranga walio hai chumbani anakolala. Akatwanga pilipili, akachemsha shubiri, akawanywesha mmoja mmoja kwa kijiko. Nilikwenda kumsaidia kuchimba shimo. Tulizika, kesho yake tukachimba jingine.

Veronika alikuwa anakuja kila siku na chupa ya uji. "Pole, mdogo wangu. Wangapi leo?"

"Kumi na tisa, dada."

"Masikini. Kunywa uji."

Jikoni kwangu akaniambia, "Bibi, ningeweza kumtuma mtu. Lakini nilitaka kuhesabu mwenyewe."

Jumamosi bwana mifugo alifika na chupa yake ya barafu. Akasimama kwenye mimea ya masale ya lango, akatazama uwanjani, hakuingia. "Mama, mimi nachanja wazima tu," akasema. "Hao wachome moto, na banda upake chokaa." Akageuza pikipiki.

Walibaki watatu. Mitetea miwili na jogoo mdogo ambaye shingo haikunyooka tena.

Krismasi ikafika, na ndugu wakaja kutoka Dar na Arusha, magari yamejaa mpaka barabarani. Tarehe ishirini na saba wakakusanyika kwenye ile nyumba ya zamani kwa kikao. Asubuhi Kornel akasimama mbele ya banda.

"Shemeji, wageni ndio hao, na hawa watatu wanasubiri nini?"

"Shemeji, hao ndio mbegu yangu."

"Mbegu? Huyu mwenye shingo ya ndoano? Lete maji ya moto."

Akawachinja. Elisifa akawanyonyoa, akawapika, akawaandalia. Mzee Eliufoo, kama ilivyo heshima ya mkubwa, akatengewa firigisi zote tatu kwenye kisahani chake.

Mzee akala polepole, kisha akasema, "Mwanangu, niliahidi nitakuja kuona. Kuku wako wapi?"

"Wamekufa, baba. Kwa mdondo."

"Nimesikia. Umewahi kuomba kitu kwa hawa?"

"Hapana, baba."

"Kornel, amewahi kukuomba?"

Kornel akakuna kichwa. "Bado."

Mzee akatafuna firigisi ya mwisho. "Mdondo haumchagui mtu," akasema. "Ameonyesha kwamba anaweza. Mimi naona apewe mwaka mwingine."

Veronika alikuwa mlangoni na sufuria ya wali. Aliniambia, "Bibi, nikasema, imekwisha, nimeshindwa." Na kweli alikuwa ameshindwa. Kama Elisifa angeitikia asante baba na kukaa kimya, leo angekuwa pale anatega mchwa.

Lakini alikuwa amelia wiki mbili, na kwa mara ya kwanza mtu alimsemesha kwa upole. Moyo ukafunguka wote.

"Baba, Mungu akuzidishie," akasema. "Wala huo mdondo nisingeupata, baba. Niliutunza uwanja wangu. Ugonjwa uliletwa na yule kuku wa madhabahuni."

Vijiko vikasimama. Mzee Eliufoo akaweka kisahani chini.

"Umesema kuku wa wapi?"

"Wa sadaka, baba. Alikuwa mgonjwa."

"Kilichowekwa mbele za Mungu na kuombewa, ndicho kilichokuulia kuku?"

"Baba, simsemi Mungu. Namsema kuku."

Hapo Veronika akatua sufuria, akaanza kulia, machozi kabisa. "Nilimnunulia kwa mapenzi mbele ya usharika mzima! Nikamwombea baraka! Leo nimekuwa mchawi?"

Wageni wa Dar wakaguna. Kornel akasema, "Baba, unasikia? Huyu unampa mwaka?"

Mzee akawageukia wanawe. "Miaka thelathini nimesimama pale kupokea sadaka," akasema. "Mayai, kuku, mbuzi. Sijasikia mtu akisema sadaka imemletea kifo. Mwanamke anayelisema hilo ndani ya nyumba tuliyokuwa tukisali mimi na mke wangu, atailaani." Akafuta mdomo. "Arudi kwao. Leo."

Elisifa akakimbia langoni akang'oa jani la sale, akapiga magoti yote mawili, akamnyooshea mzee kumwomba radhi kama desturi inavyotaka. Mzee hakunyoosha mkono. Jani likakaa sakafuni mpaka mtu akalikanyaga akipeleka maji ya kunawa.

Akafunga mizigo yake. Kornel alisimama karibu akikagua. "Hiyo sufuria ni ya mama. Hilo blanketi alinunua Jackson, liache." Akabaki na mfuko wa nguo na Biblia. Veronika akamsindikiza mpaka barabarani kumwitia bodaboda, maana watu walikuwa wanatazama.

Pale barabarani Elisifa akamwuliza, "Dada, ulijua kuwa anaumwa?"

Hapo ndipo mimi kisu kilipotulia mkononi. Nikamwuliza Veronika, "Ukamjibuje?"

"Nilimwambia nilijua."

"Kulikuwa na haja gani, Mama Godlove? Nyumba ulishaipata."

"Ili asije akafika kwao akafikiri ni bahati mbaya," akasema, na akachukua ndizi nyingine.

Anasema Elisifa alipanda pikipiki, akaupakata mfuko, akamwambia kijana wa bodaboda, "Twende." Hakugeuka. Nimesikia yuko kwao Sanya Juu, anapalilia mashamba ya watu. Kuku hafugi.

Veronika akarudi. Ilikuwa kama saa tisa mchana. Mzee alikuwa ameshasinzia kwenye kiti chake cha ngozi, kidevu kifuani. Wanaume walimaliza pipa la mbege na kulala ovyo chini ya migomba, Kornel akikoroma kuwashinda. Wasichana wakaosha vyombo, wakajilaza kwenye mkeka. Veronika akaingia chumbani kwa Elisifa, aone Godlove ataweka wapi kabati. Akapima ukuta kwa hatua. Kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri. Kwenye mto kulikuwa na manyoya ya vifaranga, akayapangusa kwa mkono. Akakaa ukingoni kupima godoro.

"Godoro zuri, bibi," aliniambia. "Sikutegemea."

Akavua viatu, akajinyoosha, akageukia ukutani, akalala.