Kitako cha Inchi Kumi na Mbili

Uongo wenyewe ulipangwa Jumanne kwa simu, na waliupanga watu wawili wasiojua kudanganya. Ardis Aasen alimwomba Wendell, mwenye duka la bunduki pale Harlow Fork, amwache mumewe Delbert achague bunduki kama mteja mwingine yeyote: aishike, aikoki, aisemee maneno yake yote. Kisha wakati wa kununua ukifika, Wendell aseme kompyuta ya serikali inayokagua wanunuzi wa bunduki imechelewa kujibu, na bunduki itabaki dukani. Wendell akasema, "Sawa, Ardis. Mlete mzee."

Kuipeleka nyumbani lilikuwa jambo lisilowezekana. Bunduki zao za zamani zilikuwa zimefungiwa kwa mpwa wao tangu Oktoba, siku Delbert alipomtolea bastola yule mtu wa posta aliyewaletea barua kwa miaka ishirini na miwili, akamuuliza yeye ni nani na anatafuta nini langoni kwa watu. Tangu hapo binti yao Janine, aliyeishi mjini Billings, hakuwa na wimbo mwingine. Baba apelekwe kwenye nyumba ya wazee waliopotewa na kumbukumbu. Nafasi ilikuwa imepatikana, na Ardis alitakiwa kujibu ndiyo au hapana Ijumaa hiyo kabla ya saa kumi na moja jioni.

Naye Ardis alikuwa amewekeana agano na nafsi yake, agano la kipuuzi ambalo asingethubutu kumwambia mtu. Delbert akichagua bunduki kama Delbert anavyochagua, jibu ni hapana. Atakaa naye nyumbani, liwalo na liwe. Mfa maji haachi kutapatapa, na Ardis maji yalikuwa yamemfika shingoni.

Basi Ijumaa alasiri wakaingia dukani, viatu vyao vimejaa tope la Machi. Delbert alikuwa mtu wa futi sita na ushei, miaka sabini na tisa, na kofia yake ya chama cha wakulima wa ngano kichwani.

"Unatafuta nini leo, Del?" Wendell akauliza.

"Bunduki ya mchezo tu. Si ya kulungu, si ya vita. Ya kupigia makopo Jumapili baada ya ibada. Nataka ile ya zamani, ya kukoki kwa kusukuma chuma cha chini, na iwe inatumia risasi za bastola."

"Risasi za bastola? Umezeeka, rafiki yangu. Unaogopa teke la bunduki?"

"Mimi nimepigwa teke na ng'ombe, na farasi, na mama mkwe. Bado nimesimama."

Wendell akaangua kicheko. Ardis naye akacheka, ingawa aliyetukanwa ni mama yake, tena marehemu. Alicheka kwa sababu mzaha huo alikuwa hajausikia tangu majira ya joto yaliyopita.

Wendell akazipanga tatu juu ya kaunta, zote tupu, akazifungua amwonyeshe kwamba ni tupu. Delbert akavua glovu. Hapo ndipo mtu yule aliyekuwa akipotea siku hadi siku, aliyeweza kusimama jikoni akiwa ameshika kijiko na asijue kinafanya kazi gani, akarudi mzimamzima mbele ya macho ya mkewe.

"Sikiliza," akasema. "Hii ya mia tatu hamsini na saba inakula risasi zake, na inakula za thelathini na nane pia, maana ni mdogo wake, mfupi tu kidogo. Lakini ya thelathini na nane haiwezi kula za kaka yake. Kwa hiyo unanunua kubwa, unailisha ndogo. Sauti kidogo, moshi kidogo, bega halina habari. Na zile zenye ncha kali usiguse! Humu ndani ya bomba, chini ya mtutu, zinalala moja nyuma ya nyingine, pua ya hii iko kwenye fataki inayomlipua mwenzake. Ncha ikigonga vibaya, utaitiwa mchungaji."

"Hayo najua, Del, mimi ndiye mwenye duka."

"Unajua kuuza. Kujua ni kitu kingine."

Ardis alikuwa amesimama hatua mbili nyuma yake, mkoba ameukumbatia kifuani. Kila neno lilimpa nguvu. Angetamani Janine awepo pale asikie, na yule daktari kijana naye, aliyempima Delbert kumbukumbu kwa kumwambia achore saa, kisha akatikisa kichwa.

Bunduki ya kwanza ilikuwa na mtutu mrefu wa pembe nane. Delbert aliinyanyua, akairudisha. "Hii ni ya kutundika ukutani ili shemeji aionee wivu. Pua nzito. Dakika mbili tu mikono inatetemeka." Ya pili ilikuwa ya chuma king'aacho, kishikio chake cha kukokia kipana kupita kiasi. "Na hili duara la nini? La watu wa sinema hili. Mkono mdogo utaogelea humu."

Ya tatu ilikuwa fupi, nyepesi, ya mbao ya mjozi. Delbert aliikoki mara tano polepole, ameinamisha sikio. Akaingiza kidole gumba kwenye kijimlango cha pembeni cha kulishia risasi.

"Kingo hizi zinakata. Utazipiga msasa."

"Nitazipiga."

"Basi ndiyo hii."

Wendell akamtupia Ardis jicho. Kitako cha bunduki ile kilikuwa cha inchi kumi na mbili, kilichochongwa kwa watu wafupi. Mtu wa kimo cha Delbert akiiweka begani, kidole gumba chake mwenyewe kitampiga puani, na hilo Harlow Fork nzima inalijua. Delbert wa kweli asingekosea hapo. Kumbe amekosea, Ardis akawaza, amekosea mwishoni kabisa.

"Del," Wendell akasema kwa upole, "hii ni fupi kwako. Itakuvunja pua."

"Nani kakwambia ni yangu?" Delbert akacheka, meno yote nje. "Ni ya mke wangu. Ya Ardis."

Jina lilitoka wazi, bila kutafutwa. Ardis akajishika kwenye ukingo wa kaunta.

"Miaka yote hii," Delbert akaendelea, amepunguza sauti kama mtu anayeungama, "nampa bastola langu lile zito, kiganja kinamuuma, na mimi namcheka. Halafu bega lake la kulia aliliumiza alipoteleza kwenye ngazi za kanisa, mwaka ule wa barafu. Bunduki kubwa haziwezi tena. Hajawahi kuwa na ya kwake hata siku moja, Wendell. Yeye hasemi. Lakini nimeona."

Furaha iliyompanda Ardis ilimtia karibu aibu. Miaka hamsini na mitatu hakulisema hilo, na mzee alikuwa ameliona! Alikwisha kulipanga jibu la Janine kichwani: hapana, mwanangu, na usinipigie tena kwa habari hiyo. Alifungua mdomo amwite mumewe kwa jina.

Delbert akageuka, akamtazama, akavua kofia.

"Samahani, mama," akasema, kwa adabu ile anayoitumia kwa wanawake asiowafahamu. "Sitaki kukusumbua. Naona wewe na mke wangu ni kimo kimoja. Ungeniwekea hii begani kidogo, nione?"

"Del..." Wendell akaanza.

Ardis akamzuia kwa mkono. Akaweka mkoba chini, akaipokea bunduki, akailenga kwenye kichwa cha kulungu kilichotundikwa ukutani. Kitako kilikaa begani pake bila kumuumiza hata chembe. Hakuwa amepata kushika kitu kilichomfaa namna ile.

"Utaniwia radhi," Delbert akasema, akakiinua kiwiko cha Ardis kwa vidole viwili tu. "Hapo. Shavu liguse mbao. Lenga sasa."

Ardis akafumba jicho. Akafumba lile lisilofaa, kama alivyofanya tangu Jumapili ya kwanza nyuma ya maghala ya ngano, alipokuwa msichana wa miaka ishirini na mmoja.

"Ala!" Delbert akapiga paja. "Hata wewe! Mke wangu naye hufumba hilohilo. Nimemfundisha maisha yangu yote, wapi!"

Ardis akaishusha bunduki, akamgeuzia uso wote, akangoja. Alingoja kwa muda mrefu, machozi yakimtiririka waziwazi, kwa sababu haiwezekani mtu akumbuke jicho asimkumbuke mwenye jicho. Delbert alimtazama kwa wema, na kwa wasiwasi kidogo, kama unavyomtazama mtu anayelia njiani nawe humjui.

"Inamfaa," akasema mwishowe. "Asante sana, mama. Ila ukikutana naye mjini, tafadhali usimwambie. Nataka nimshtukize."

"Sitamwambia," Ardis akasema.

Wendell akausema ule uongo wa kompyuta, akauharibu, akaurudia. Hakukuwa na haja. Delbert alikubali mara moja. "Basi niwekee. Andika jina lake, wasije wakamuuzia mtu." Wendell akaandika Ardis Aasen kwenye kadi, akaifunga kwa uzi kwenye bunduki, akageukia rafu na kukaa hivyo, amewapa mgongo.

Wakati wa kuondoka, Delbert akaketi kwenye benchi la mlangoni.

"Twende," Ardis akamwambia.

"Namngoja mke wangu, mama. Atanipitia. Hapendi nizurure peke yangu."

Ardis alitafuta la kusema, na aliloliona ni moja tu.

"Amenituma mimi nikuchukue."

"Ardis amekutuma?"

"Ndiyo."

"Ungesema mapema." Akainuka. "Twende basi, asije akahangaika."

Kwenye gari hakukaa mbele. Alifungua mlango wa nyuma, akaketi, akafunga mkanda, akaweka kofia magotini. Saa kumi na nusu ilikuwa imepita. Ardis akakaa mbele ya usukani, akampigia Janine.

"Waambie ndiyo. Jumatatu."

"Mama, kumetokea nini? Ulisema unampeleka achague bunduki tu. Ameshindwa kuchagua?"

"Amechagua vizuri kuliko mtu yeyote," Ardis akasema.

Kutoka kiti cha nyuma Delbert akainama mbele. "Unaongea na Ardis? Mwambie niko njiani, asile peke yake."

"Nitamwambia," Ardis akasema, akawasha gari.