Injini Iliyofufuka Ihanda

Nikodemo Silwimba alinunua ndege kwa sababu kila mwenye uwezo Tunduma alikuwa tayari na malori. Lori halikumtofautisha tena na watu. Foleni ya mpakani ilijaa malori ya wanaume ambao yeye hata salamu hakuwapa, na hilo lilimuuma.

Ndege yenyewe ilikuwa ndogo, nyeupe, ya viti vinne, na jina la Nikodemo liliandikwa ubavuni kwa herufi kubwa kuliko namba ya usajili. Ila alichokipenda zaidi ni parachuti. Si lile la kuvaa mtu mgongoni. Hili lilikuwa la ndege nzima, limekunjwa nyuma ya viti pamoja na roketi ndogo ya kulirusha juu. Darini, katikati ya viti vya mbele, palikuwa na mpini mwekundu. Ukiuvuta, roketi inafyatuka, parachuti linafunguka, na ndege inashuka na watu wake wote ndani kama kikapu kilichofungwa kamba.

"Wenzangu wakianguka, wanaanguka," aliwaambia wageni kwenye kiwanda chake cha kusaga mahindi pale Mpemba. "Mimi nikianguka, nashuka."

Rubani wake alikuwa Judith Haonga, binti wa Vwawa aliyesomea kazi hiyo Afrika Kusini. Alimweleza tangu mwanzo: "Bosi, mpini huu ni wa siku ambayo njia nyingine hakuna. Ukishavutwa, ndege haiendeshwi tena. Itaangukia popote upepo utakapoipeleka."

"Nimekusikia, binti," alisema Nikodemo, akiendelea kupiga picha mpini.

Mwezi wa Agosti, kahawa ikiwa nyekundu mitini, walialikwa harusini Sumbawanga. Waliruka kutoka Mbeya mchana, Judith akiendesha, Nikodemo kando yake, na mkewe Restuta nyuma akiwa amepakata keki ya maharusi. Nikodemo alitaka wapite juu ya Mpemba ili wafanyakazi wake wamwone. Hawakufika. Walipokuwa juu ya Ihanda, upepo wa mchana uliopanda kutoka kwenye mashamba yenye joto uliipiga ndege kwa chini. Ndege ikaruka, ikadidimia, ikaruka tena.

"Kawaida," alisema Judith. "Tutapanda kidogo, itatulia."

Ndege ikadidimia mara nyingine. Nikodemo akapiga yowe, akanyanyua mikono yote miwili, akaning'inia kwenye mpini mwekundu kama mtu anayeng'oa jino la ng'ombe.

Mlipuko ulitikisa dari. Mikanda ya parachuti ilichomoka ubavuni ikipasua rangi, na hapo jina la Nikodemo likagawanyika katikati. Parachuti likafunguka, ndege ikasimama ghafla angani, na keki yote ikahamia kisogoni mwa mwenye ndege.

"Bosi, umefanya nini?"

"Tulikuwa tunakufa!"

"Tulikuwa tunatikisika!" Judith alizima injini na kufunga mafuta, maana sasa hakikubaki kingine cha kufanya. "Haya, shikilieni vizuri. Kuanzia sasa rubani ni upepo."

Upepo uliwapeleka kwenye shamba la Sekela Nzunda, mjane aliyekuwa akichuma kahawa. Aliona kitambaa kikubwa kinamjia, akatupa kikapu, akakimbilia mfereji. Ndege ilitua kwa kishindo juu ya mibuni, ikavunja magurudumu, ikatulia kwa tumbo. Pangaboi halikuguswa. Wote watatu walikuwa wazima. Nikodemo alitoka kwanza, akapiga magoti, kisogo cheupe kwa krimu.

"Asante Yesu! Asante Yesu!"

"Yesu utamshukuru baadaye," alisema Sekela akitoka mferejini. "Kwanza ondoka juu ya kahawa yangu."

Kufikia jua kuzama, Tunduma nzima ilikuwa na habari, na hadi Nakonde upande wa pili wa mpaka. Habari yenyewe alikuwa ameirekodi Nikodemo kwa simu, amesimama mbele ya ndege: injini ilizima angani, rubani akachanganyikiwa, yeye akaomba, kisha akasikia sauti ikimwambia, "Nikodemo, vuta!" Hakuwa na njia nyingine, kwa hesabu zake. Mwaka uliopita alimfukuza dereva aliyekataa kushuka mteremko wa Senjele na breki mbovu, akamwita mwoga mbele ya watu. Mtu wa namna hiyo hawezi kusema alitishwa na upepo.

Akamwita Judith nyumbani.

"Watu wa usalama wa anga wanakuja kutoka Dar. Utawaambia injini ilizima."

"Injini niliizima mimi, bosi. Baada ya wewe kuvuta."

"Kwa hiyo ilizima?"

"Nili-i-zima."

"Si ndiyo hiyo hiyo? Nani hapo kasema uongo?"

Nyanda za juu kusini hazina ndege nyingi za kuendeshwa na binti wa Vwawa, na mama yake alikuwa ameshawaambia majirani wote kwamba mwanaye yuko angani. Judith akaondoka bila kusema ndiyo wala hapana, na njia nzima alijichukia kwa hilo.

Huku Ihanda watu walikuja kwa bodaboda na kwa magari ya Noah. Walikata vipande vya kamba za parachuti wakaenda kuvifunga mikononi mwa wagonjwa. Mahali pakaitwa Mlima wa Muujiza, ingawa ni tambarare. Mibuni iliyonusurika na ndege ilikanyagwa na waumini. Sekela aliwafukuza kwa fimbo, wakamwombea.

Wakaguzi walikuja Jumamosi, na Nikodemo akapanga ibada ya shukrani siku hiyo hiyo, shambani hapo hapo, ili nao waone jinsi anavyopendwa. Aliweka turubai, viti, spika na kwaya yenye sare. Wakaguzi waliomba kelele zipunguzwe. Waliambiwa utukufu haupunguzwi. Basi wakaendelea na kazi yao nyuma ya turubai: wakainua ndege juu ya magogo, wakaifunga mkia kwenye lori, wakapima mafuta, wakachungulia kila bomba.

Nikodemo alishika kipaza sauti. Alikuwa amevaa suti nyeupe.

"Ndugu zangu, injini ilikufa! Sikieni vizuri. Haikuugua, ilikufa! Angani kukawa kimya. Kimya kama kaburi! Nikamgeukia rubani wangu, namwona analia…"

Nyuma yake mkaguzi alizungusha ufunguo. Injini iliitikia mara moja, bila hata kukohoa. Ikanguruma shamba zima likatetemeka, upepo wa pangaboi ukaingia chini ya turubai, ukapeperusha kofia za wanakwaya na majani ya mibuni iliyovunjika. Mkaguzi akaiacha ingurume kidogo, akaizima, akamwambia mwenzake kwa sauti iliyosikika hadi viti vya nyuma: "Nzima kabisa. Haina hata homa."

Ukimya uliofuata ulikuwa kama ule wa kaburini aliokuwa akiuhubiri. Kila mtu alimtazama Nikodemo. Restuta, aliyeketi kiti cha mbele na aliyejua kila kitu, aliziba mdomo kwa kanga, mabega yakicheka.

Hapo mwanakwaya mmoja akanyanyua mikono. "Imefufukaaa!"

Shamba likalipuka. Watu waliruka, wakagaagaa, spika zikapiga mluzi. Nikodemo alisita kidogo tu, kisha akaupanda huo muujiza mpya kama mtu anayedandia lori linaloondoka.

"Mmejionea wenyewe! Mimi ningesema nini zaidi?"

Judith alikuwa amesimama pembeni. Alipita katikati ya watu, akamnyang'anya kipaza sauti.

"Haikufa," alisema. "Ndugu zangu, nisikilizeni. Injini haikufa hata kidogo. Upepo ulitutikisa, bosi akaogopa, akavuta mpini. Kuogopa si dhambi. Mimi mwenyewe niliogopa baadaye, nisije nikapoteza kazi. Lakini uongo huu anaibebesha mashine, na mimi pia."

Kisha baba mmoja wa viti vya mbele akasema kwa upole, kama anayemwonya mtoto: "Binti, usimwibie Mungu utukufu." Wakampigia makofi yule baba. Kwaya ikaanza wimbo.

Sekela naye alisimama. "Kama injini imefufuka, basi na kahawa yangu ifufuke! Iko hapo mnapokanyaga!"

Mhudumu wa kanisa alimjia mbio, akamwomba asivuruge ibada. Alikuwa anamwomba hivyo shambani kwake mwenyewe.

Judith hakusubiri kufukuzwa. Wakaguzi walimwambia Nikodemo usoni walichokiona, naye akawajibu kwamba sayansi ina mipaka yake. Siku hizi anaalikwa kwenye makongamano hadi Lusaka kuzungumzia ujasiri, na huko kote anakwenda kwa gari. Restuta akiulizwa kilichotokea angani husema keki ilikuwa ya chokoleti yenye krimu nyeupe.

Judith alipata kazi kampuni moja ya kupeleka watalii Katavi. Kabla ya kuondoka alikwenda Ihanda kumwomba radhi Sekela, maana ndege ilikuwa mikononi mwake hata kama haikuangushwa na yeye. Alitegemea kumkuta analia juu ya visiki. Alikuta kundi la akina mama wa Nakonde, wamevaa sare za kanisa, wanalima kwa nguvu huku wakiimba Kibemba. Mibuni iliyovunjika ilikuwa imekatwa vizuri karibu na ardhi ili ichipue upya.

"Shikamoo, mama. Hawa ni vibarua?"

"Marahaba. Mahujaji," alisema Sekela. Alikuwa ameketi kivulini anakunywa chai. "Wanauliza muujiza ulitokea wapi. Nawaambia ni mle ndani, lakini pamefunikwa na magugu."

Judith alicheka mpaka akajishika kiuno.

"Umewadanganya, mama?"

"Magugu si yapo?" Sekela alimmiminia chai, akamsogezea kigoda. "Kaa, mwanangu. Kesho wanakuja wa Mbozi Mission. Nitawapa ule upande wa mfereji."